Mzee Aliyekuja Kumchukua Bosko

Wewe unayetabasamu, tabasamu tu. Wengi wamenicheka na sijafa. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Na usidhani yalitokea usiku wa manane, wakati mtu ana usingizi au ana kitu kichwani. Ilikuwa saa tisa mchana, jua linawaka, Makongeni, Nairobi, pale kwenye nyumba za reli, watu wanaanika nguo.

Miaka ya tisini nilifanya kazi kwenye makao madogo ya wanyama waliotupwa, mbele kidogo ya Komarock ukifuata barabara ya Kangundo. Kazi yangu ilikuwa kukagua nyumba. Mtu akitaka mbwa au paka, hakupewa hivi hivi. Kwanza nilienda kwake kuona kama lango linafungika, maji yapo, na mnyama atalala wapi. Baada ya wiki mbili nilirudi bila kutangaza, nione anaishije. Niliona mambo, ndugu yangu! Mtu anakuja na suti na Biblia kwapani, anataka mbwa mkali. Ukienda kwake unakuta amejenga kisanduku cha mabati, mbwa afungiwe humo mchana kutwa na kulishwa pilipili eti awe na hasira. Hasira! Nani hangekuwa nayo?

Sasa asubuhi moja tulimkuta mbwa mzee amefungwa kwa kamba kwenye lango letu. Hakuna barua, hakuna jina. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu, mdomo umejaa mvi, miguu ya nyuma inatetemeka. Aliyemleta alimfunga akaenda zake kabla hapajapambazuka, maana mtu mwenye aibu hapendi kuonekana. Mbwa alilala akiangalia lango, chakula akikigusa kidogo tu. Watu walikuja wakachagua watoto wa mbwa, yeye wakampita. Nafasi zetu zilikuwa chache, na sheria ilikuwa kwamba asiyechukuliwa kwa mwezi mmoja anadungwa sindano, siku ya Ijumaa, na haamki tena. Aliyeandika orodha ya Ijumaa ni mimi. Mwezi ulipokaribia kwisha, nilimwandika. Nikalia kidogo, nikanywa chai, nikaendelea na kazi. Sikufichi.

Jumatano ya wiki hiyo, mchana, akaja mzee mmoja. Mrefu, mkavu, amevaa koti la kaki la walinzi wa zamani wa reli, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakipo. Unajua kelele za mbwa wengi wakiona mgeni? Siku hiyo hakuna aliyebweka. Hata mmoja! Mzee hakuuliza njia. Alienda moja kwa moja hadi kwa yule mbwa, akasema, "Bosko." Na niamini, yule mbwa aliyekuwa hawezi kusimama, alisimama. Akaanza kulia na kulamba nondo za kizimba chake.

"Huyu nitaenda naye," mzee akaniambia. "Nimechelewa?"

"Hujachelewa, mzee wangu. Lakini lazima kwanza nione nyumba."

"Njoo Jumamosi. Nitakuwa peke yangu, wengine wanasafiri."

Akanipa namba ya nyumba na jina lake, Nzioka. Nikamfuta mbwa kwenye orodha, moyo ukawa mwepesi. Je, nilijiuliza amelijuaje jina la mbwa? Sikujiuliza. Kila mtaa Nairobi una Bosko wake, nikadhani amebahatisha.

Jumamosi nikampakia Bosko kwenye pikapu yetu, nikijiambia nyumba ikifaa namwacha huko huko. Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Hakunikaribisha ndani, na hilo lilinishangaza, kwa sababu Mkamba wa rika lake hawezi kukuacha uende bila hata kikombe cha chai. Tulizunguka hadi uani. Nikaona gunia kavu chini ya paa, karai la maji safi, kivuli cha kutosha. Nikatoa fomu.

"Ukisafiri, mbwa atabaki na nani?"

"Safari zangu zimekwisha, mwanangu."

"Umewahi kufuga mbwa?"

"Huyu huyu."

Nikacheka, nikidhani ni utani wa wazee. Fomu yetu iliuliza lango, maji, kivuli, watoto wangapi nyumbani. Hakuna mahali ilipouliza kama mwenye nyumba yu hai. Nikamkabidhi kamba. Mkono wake ulikuwa baridi, lakini wazee wangapi wana mikono baridi? Niliondoka nikiimba.

Wiki mbili zikapita, nikarudi kukagua. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mwenye mtoto mchanga. Nikamwambia namtafuta Mzee Nzioka. Akaniangalia, akamwita mumewe, kijana mmoja karani wa reli aitwaye Kimeu.

"Dada, unamtafuta nani?"

"Mzee Nzioka."

"Huyo ni baba yangu. Tulimzika mwaka jana."

Damu ikanichemka. Nikajua hapa natapeliwa, mbwa ameshauzwa. "Usinichezee! Mimi nilimkabidhi mbwa mkononi, hapa hapa, Jumamosi, wiki mbili zilizopita."

"Jumamosi hiyo hatukuwa hapa. Sote tulikuwa nyumbani Machakos, tunamwekea baba msalaba kaburini. Alikuwa ametimiza mwaka tangu afe."

Nikamweleza lile koti. Nikamweleza kidole. Mkewe akaketi kwenye ngazi. Kisha jirani yao, Mama Ndinda, aliyekuwa anaanika nguo, akaja akijifuta mikono.

"Mimi nilikuona," akaniambia. "Kulikuwa na kufuli mlangoni, na wewe unaongea na mlango. Unaamkia, unacheka, unaandika. Nikasema huyu ni mtu wa kanisa anaombea nyumba. Ulipoenda, mbwa akabaki uani. Halafu akatoka akaelekea relini, kamba imenyooka mbele yake hewani, na hakuna mtu aliyeishika. Mimi nilifunga dirisha. Ningemwambia nani?"

Nikatazama uani, pale nilipoona gunia: palikuwa na jiko bovu na matofali. Lakini swali likanitoka lenyewe.

"Baba yako alikuwa na mbwa?"

Kimeu akaangalia viatu vyake. "Bosko."

"Yuko wapi?"

Mkewe ndiye aliyejibu. Alisema tangu mzee afe, yule mbwa alikuwa akilia kila usiku kwenye mlango wa chumba chake, na sasa mtoto amezaliwa, kelele hizo zinamnyima usingizi. Kimeu akasema, "Nilimfunga langoni kwenu. Nilijua nyinyi mtamtunza."

Mtamtunza! Hapo hofu ilinitoka, ikaingia hasira. Nilimwambia mambo ambayo sikupaswa kumwambia mwanamume mbele ya mkewe, na sijutii hata moja. Mmenunua mbuzi soko la Kiamaiko mkachinja! Mmekodi hema, mmemwita padri, mmemwaga saruji ili msalaba uonekane toka barabarani! Watu wamekula wameshiba, wamesema watoto wa Nzioka wanampenda baba yao. Na yule mmoja aliyekuwa bado anamlilia, mmemfunga langoni kwa watu msiowajua! Mzee mwenyewe hakuwepo kwenye ukumbusho wenu, nikamwambia. Alikuwa hapa anajaza fomu.

Kimeu alilia. Sikumhurumia.

Tulimtafuta Bosko kando ya reli siku nzima. Hatukumpata, si mzima, si mzoga. Meneja wetu alisema nimemuuza, nikamwambia ashindwe. Kwenye faili, pale pa kuandika mbwa alikopelekwa, niliandika, "Amepata nyumba." Meneja akayafuta. Nikaandika tena. Mwezi uliofuata Kimeu akaja kwetu amekonda, anaomba apewe mbwa mzee yeyote, ili baba yake atulie. Nikamnyima. Nilimwambia, "Marehemu nilimpa mbwa nikalala usingizi. Wewe uliye hai sikuamini."

Orodha ya Ijumaa sikuiandika tena, na kazi yenyewe haikudumu. Hadi leo nina mbwa watatu wazee, wanakojoa kila mahali, na majirani wanasema nimerukwa na akili. Waseme. Jambo moja linanikosesha raha kuliko ule mkono wa baridi. Mzee aliniuliza kama amechelewa. Maana yake aliijua Ijumaa yangu. Kilichomtoa kaburini ni kalamu niliyokuwa nimeishika.

Kwa hiyo wewe uliyezika mzazi, usiishie kuhesabu viti vya wageni na kusifu jeneza. Nenda uani. Pengine kuna mbwa pale, au paka, anasikiliza hatua zisizorudi. Mpe maji. Mpe chakula. Akilia usiku, amka ukakae naye, maana analia msiba wako. Na usithubutu kumfunga kwenye lango la mtu ukijiambia kuna watu wema watamtunza. Hao watu wema ni mimi, na mimi nilikuwa nimeshaandika afe.