Mpishi wa wasafiri anayefuata kaburi ng'ambo ya bahari

Saa kumi na mbili asubuhi, Mongia Ben Othmen anamenya pilipili hoho zilizochomwa juu ya makaa. Maganda meusi yanamng'ang'ania vidoleni. Haziloweki majini. Maji, anasema, yanaua ladha ya moshi, na wageni wanaifuata hiyo hiyo ladha ya moshi.

Dirisha la jiko linatazama bahari ya Mahdia. Ghorofani, katika vyumba vinane vya nyumba hii ya wageni iliyo ndani ya mji mkongwe, Wafaransa wawili, Wajerumani watatu na familia moja ya Kiitaliano bado wamelala. Saa mbili meza iwe tayari: mkate wa moto, mayai, jibini, tini, mafuta ya zeituni. Mchana ni kuskusi ya pweza, punje za ngano za mvuke na mchuzi.

Pweza watatu wako kwenye sinia. Hasnia, anayesafisha vyumba, anapita na kapu la shuka kiunoni na kuwachungulia.

"Dada Mongia, huyo mvuvi kakuuzia pweza au raba za gari?"

"Kamuulize mumeo. Si ndiye aliyewachagua?"

"Mume wangu? Yule hata mimi alinichagua taa zimezimika."

Mongia anacheka bila kuinua uso. Ana miaka 49, na 23 kati ya hiyo ameimaliza akiwapikia watu wanaovuka bahari kuja kuogelea, kula, kupiga picha milango ya buluu na kulala.

Mchuzi unapoanza kuchemka, anaonja? Haonji. Anainamia sufuria, ananusa, anaongeza bizari, ananusa tena. Kisha anaita, "Hasnia! Njoo unionjee chumvi."

Hasnia anaacha shuka, anakuja, anaonja. "Bado kidogo."

Imekuwa hivi kila siku kwa miaka minne. Mpishi ambaye kuskusi yake ya pweza husifiwa na wageni mpaka wanaiandika kwenye simu zao hajatia mdomoni kitu chochote cha baharini tangu mdogo wake wa kiume, Lamjed, aliposhuka ufukweni na asirudi.

"Mama yangu ndiye alianza," anasema. "Alisema samaki wa msimu ule hajui wamekula nini. Nikamwambia, mama, usiseme hivyo. Lakini neno likishatoka limetoka. Tangu siku hiyo koo likafunga."

Mongia aliingia kwenye kazi hii akiwa na miaka 26, akisugua masufuria katika hoteli kubwa ya ufukweni. Mwaka uliofuata alimwombea kazi Lamjed, akiwa kijana wa miaka 21. Wakampa koti jeupe na trei.

Hakuwa mhudumu wa kawaida. Alijua kusema habari za asubuhi kwa lugha sita. Wazee wa Kijerumani walirudi mwaka hadi mwaka wakimuulizia kwa jina. Jikoni wenzake walimtania kwamba ana nyumba ishirini Ulaya na hajawahi kulala hata moja.

"Wageni walikuwa wanamwambia, njoo kwetu, njoo ututembelee," Mongia anakumbuka. "Yeye anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, mwakani. Walidhani ni mvivu wa kusafiri. Hawakujua kwamba wao wanakuja kwetu kwa kukata tiketi, na sisi kwenda kwao ni kesi."

Miaka saba iliyopita hoteli ilifungwa. Bahari ilikuwa imekula mchanga wake mpaka karibu na baraza, wageni wakapungua, siku moja wafanyakazi wakakuta mnyororo getini. Mongia akapata kazi katika nyumba hii ya wageni. Mshahara wake sasa ni dinari 700 kwa mwezi wakati wa msimu. Majira ya baridi, nusu yake. Lamjed hakupata. Kwa miaka mitatu alibeba saruji, akauza tikiti maji barabarani, akakaa.

Septemba ya mwaka wa tatu alikwenda kula chakula cha mchana kwa dada yake. Alipomaliza, akasimama, akaosha sahani yake mwenyewe, akaifuta, akaiweka kabatini.

"Lamjed! Mtu aliyebeba sahani za wenzake miaka kumi na mitano, nyumbani alikuwa hainui hata kijiko," anasema Mongia. "Ningepaswa kujua. Nilimwambia, leo jua limechomozea wapi? Akasema, 'Dada, nimejisikia tu.' Akanibusu kichwani, akatoka."

Walikuwa watu 32 katika boti moja ya mbao, wakielekea Italia. Siku nne hakuna simu iliyopokelewa. Siku ya tano ndipo Mongia alipopata habari za boti, na aliyezileta ni mgeni.

Bi mmoja wa Kifaransa alikuwa ameteremka ufukweni mapema kuogelea. Alirudi jikoni na taulo mabegani, akamwambia Mongia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi, "Kuna bwana amelala pale kwenye mchanga. Nadhani si mzima."

Mongia alikimbia na aproni. Kwenye ngazi alikutana na mwenye nyumba, Taoufik, mtu mzima ambaye wafanyakazi wote humwita Si Taoufik, yaani Bwana Taoufik, kwa heshima. Yeye alikuwa ameshaona. Alikuwa anafunga madirisha ya upande wa bahari, moja baada ya jingine.

Maneno waliyoambiana asubuhi ile, wote wawili wanayakumbuka, na kila mmoja kwa wakati wake aliyasimulia kwa namna moja.

"Wageni wakiuliza, waambie bomba la maji machafu limepasuka," Si Taoufik alisema. "Polisi wanakuja. Wewe rudi jikoni."

Mongia hakurudi jikoni. Alivuta shuka jeupe kwenye kapu la Hasnia, shuka la pamba lililotoka kupigwa pasi.

"Hilo ni la wageni!"

"Na yule nani? Si mgeni? Kaja kwa bahari kama wao."

"Mongia, utanifungia biashara."

"Basi funga."

Alishuka. Njia nzima, anasema, alikuwa akitazama mikono ya yule mtu, kwa sababu uso aliuogopa. Hakuwa Lamjed. Alikuwa kijana mwenye sweta ya buluu, na mkono mmoja ulikuwa umekunjwa chini ya shavu, kweli kama mtu aliyelala. Mongia akamfunika, akaketi kando yake mpaka gari likaja.

"Nilifurahi," anasema, na hapo kisu kinasimama juu ya ubao. "Niandikie hivyo hivyo. Nilifurahi kwamba ni mtoto wa mtu mwingine. Halafu nikajiona mimi ni mtu gani."

Si Taoufik alimwambia aende nyumbani na asirudi mpaka aitwe. Aliitwa baada ya siku tisa. Mwenye nyumba alikuja mwenyewe mlangoni kwa akina Mongia, kofia mkononi.

"Rudi. Wageni wanakula mikate mikavu, na mke wangu amekataa kabisa kusikia habari za jiko."

"Narudi. Lakini akija mwingine, shuka natoa."

"Toa," alisema Si Taoufik.

Baadaye Hasnia aligundua kwamba mwenye nyumba alikwenda kwenye maziko ya yule kijana, akasimama nyuma peke yake, na hakumwambia mtu.

Watu 19 kati ya 32 walitolewa baharini mwaka ule. Kila mara Mongia alikwenda kutazama, kwa kuwa mama yao, Dalila, miguu haimbebi na moyo pia haukuweza. Mongia alitema mate kwenye kijiti cha kipimo cha vinasaba ili yalinganishwe na ya waliopatikana. Lamjed hakuwemo. Hapakuwa na kaburi wala barua. Dalila alikataa kuweka matanga. "Mnaniwekea matanga ya nani? Nionyesheni," aliwaambia majirani, na majirani wakaondoka na vyakula vyao.

Mambo yalibaki hivyo mpaka Aprili ya mwaka jana, alipokuja Ornella, mwalimu mstaafu kutoka Sicily, akiwa mgeni hapa kwa mara ya nne. Safari hiyo aliomba kufundishwa kupika, na ndivyo alivyoingia jikoni na kuiona picha ukutani: mwanamume wa koti jeupe akicheka na trei.

"Aliuliza, mume wako? Nikamwambia ni mdogo wangu. Akauliza yuko wapi. Nikamwonyesha dirisha."

Ornella alirudi kwao. Agosti aliandika. Katika makaburi ya mji jirani na kwao kulikuwa na safu ya makaburi yenye namba tu. Alikuwa amemsumbua mtunza kumbukumbu wiki kadhaa mpaka akafunguliwa jalada la namba 14: mwanamume, umri kati ya 35 na 45, aliyeokotwa Novemba ya mwaka uleule wa boti. Mkono wa kushoto, juu ya kifundo, una kovu la kuungua, refu na jembamba. Mfukoni, kifungulia chupa kilichofungwa uzi wa kijani.

"Kovu ni la mashine ya kahawa," anasema Mongia. "Aliungua mwezi wake wa kwanza hotelini, mimi ndiye niliyempaka asali. Uzi, sijui. Uzi wa kijani mtu yeyote anaweza kuwa nao."

Vipimo vya mate vilitumwa upya Septemba. Mpaka leo, miezi tisa, havijajibiwa. Kwa hiyo Mongia aliamua kwenda mwenyewe.

Hapo ndipo mwanamke aliyewatandikia meza wasafiri wa pwani zote za bahari hii alipojifunza kusafiri kunavyokuwa. Kwenye ofisi ya viza mjini Tunis alikaa mbele ya kioo. Karani, msichana mpole, aliuliza safari ni ya nini. Utalii, kutembelea ndugu, matibabu au biashara?

"Kuna kaburi nataka kuliona."

"Ni la ndugu?"

"Hilo ndilo naendea kulijua."

Msichana alitazama fomu yake juu hadi chini. "Mama, kaburi halina kisanduku hapa. Nikuwekee utalii?"

Akaweka utalii. Wakamwuliza atalala wapi, atakula nini, ana fedha kiasi gani benki, na nini kitamrudisha nyumbani. Alinyimwa Oktoba. Alinyimwa tena Februari. Karatasi zote mbili zilisema hakuthibitisha kwamba atarudi.

"Nirudi wapi zaidi ya hapa?" anauliza. "Mama yangu yuko hapa. Sufuria zangu ziko hapa."

Mei alipeleka maombi ya tatu. Safari hii kulikuwa na barua ya mwaliko ya Ornella, na nyingine ya Si Taoufik, yenye mhuri mara mbili kwa kuogopa mmoja usionekane, ikisema kwamba mtumishi huyu asiporudi yeye atafunga nyumba. Jumatatu iliyopita pasipoti ilirudi. Viza ya siku kumi.

Anaondoka Alhamisi, katikati ya msimu. Dalila alitaka apande ndege. Mongia amekata tiketi ya meli.

"Nataka nipite alikopita," anasema. "Kwa macho yangu nione ni mbali kiasi gani. Wageni huniambia ni karibu sana, eti ukipanda juu ya paa unanusa kahawa yao."

Saa saba na nusu kuskusi inapanda kwenye baraza. Jutta, mmoja wa wale Wajerumani, anashuka na sahani tupu kuomba nyongeza. Anamwuliza Mongia, kwa Kifaransa cha kuokoteza, kama amewahi kufika Italia.

"Bado," Mongia anajibu na kumjazia. "Naenda wiki hii."

"Oh, utapenda! Chakula chao! Fukwe zao! Utakaa wapi?"

"Kwa rafiki."

Jutta anapanda ngazi akiwa na furaha. Hasnia, aliyesikia yote, anaanza kupangusa meza iliyokwisha kupanguswa.

"Dada, na kama si yeye?"

Mongia anafungua begi dogo lililo chini ya kabati, analolipakia kidogo kidogo tangu Jumatatu. Ndani mna kipande cha marumaru chenye ukubwa wa kitabu, kilichochongwa na fundi wa mtaani. Jina la Lamjed limeandikwa upande mmoja. Upande wa pili ni mtupu. Amemwomba fundi aulainishe vilevile, na amekopeshwa patasi ndogo.

"Ikiwa ni yeye, nitampa jina lake, nimpigie mama simu, aweke matanga yake," anasema. "Kama si yeye, nitageuza jiwe, nimwandikie kwamba yeye ni mtoto wa mtu na dada wa watu alifika. Nitakaa naye mchana mmoja nimsomee Fatiha. Siku ya kumi nitakuwa hapa, nawasha makaa."