Kumuaga Mtoto Mlangoni

Sisi akina mama tunaofunga waridi kwenye mashamba ya maua ya Timau tuna ufundi mmoja tuliofundishana: kumtoroka mtoto. Unamfikisha kwa mwalimu anayewalea watoto wetu, unamtia ndizi mkononi, na akiinama kuimenya, wewe huyoo, umeshapotelea kwenye ukungu. Mimi nilikuwa bingwa. Nilijisifu hata kanisani.

Shida ni kwamba mwanangu wa miaka mitatu alikuwa akiuma wenzake. Alimuuma msichana mmoja shavuni, na mama wa msichana akataka mwanangu aondolewe. Nyumbani hatukuwa na mtu wa kumwachia, na bila mahali pa kumwacha singekuwa na kazi. Nilienda kwa mwalimu nikiwa tayari kugombana, maana hasira zangu ziko karibu.

Hakunipa nafasi.

"Mama, ukienda asubuhi huwa unamwambia?"

"Nimwambie ndio alie? Si utachoka wewe!"

"Wacha alie. Huyu anauma asubuhi tu, akishakutafuta akukose. Hajui umeenda wapi, hajui kama utarudi. Mtu mkubwa angetukana. Yeye ako na meno tu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Kesho yake nilipiga magoti mlangoni nikamwambia naenda kazini, nitarudi wakishakunywa uji wa jioni. Alilia kwa sauti ya kuamsha Timau nzima. Mwalimu hakumnyamazisha, wala hakumwambia wanaume hawalii, maneno ambayo mimi ningeyasema. Alimpakata akamuuliza, "Umekasirika, sindio? Na unaogopa pia. Hiyo hasira iko wapi?" Mtoto akagusa tumbo. Mwalimu akaweka mkono wake juu ya ule mdogo, wakaketi hivyo mpaka kilio kikapungua. Ana darasa zima la watoto, na kila mmoja humpa muda huo bila haraka, hata uji ukiwa unachemka jikoni. Nampenda sana kwa hilo. Mimi nina mmoja na ananishinda.

Kisha alimfundisha kumwendea yule msichana na kumwomba wacheze, na akikataliwa, arudi kusema amekasirika badala ya kutumia meno. Alikataliwa sana. Alirudi sana. Mama wa msichana alichungulia dirishani kila asubuhi akingoja kosa moja tu, mpaka siku aliyowakuta wawili hao wakigawana udongo wa kupikia chapati zao. Akamwambia mwalimu mtoto abaki.

Nilipoambiwa habari hizo nilishukuru Mungu kwa sauti. Asubuhi iliyofuata nikamuaga mwanangu kama kawaida, ila mkono wake nikashindwa kuuachilia. Wenzangu walikuwa wameshatangulia kazini. Mwanangu akaniangalia usoni.

"Enda, mama," akasema. "Nitalia kidogo tu, halafu nitaacha."