Programu ya Zita, jina la wengine

Saa tatu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Sanya Juu. Katika darasa la mwisho la shule moja ya bweni ya viziwi, Zita Sirili Msaki ameacha viatu vyake vya matope mlangoni na kuketi mbele ya kompyuta ya saba kati ya kumi na mbili.

Anaingiza flopi. Kompyuta inakwaruza, inanyamaza, inakwaruza tena. Kwenye kioo linatokea jina la Upeo Video, na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba haki zote ni mali ya kampuni fulani ya Arusha.

Zita analitazama jina hilo kidogo, kisha analifuta.

"Sikuja kuomba ruhusa," anasema bila kugeuka. "Mtu hapigi hodi nyumbani kwake."

Programu anayoifanyia kazi huonyesha video kwenye kompyuta, na chini ya picha huandika kwa Kiswahili yale yanayosemwa, ili asiyesikia asome. Aliitunga yeye, mpiga chapa mwenye umri wa miaka 33, katika chumba cha kupanga kata ya Mawenzi, mjini Moshi. Aliiita Tazama. Shule hii ilinunua nakala kumi na mbili kutoka kwa kampuni hiyo kwa fedha za wafadhili, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina hilo.

Yote yalianza na kaka yake.

Primus ndiye kifungua mimba wa nyumba yao huko Uru. Akiwa na miaka sita aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini masikio hayakurudi. Leo ni fundi cherehani anayesifika kwa suti za harusi. Wakati video zilipoingia Uru, mwanzoni mwa miaka ya tisini, vijana walijazana sebuleni kwa jirani mwenye jenereta, na Primus hakukosa.

"Watu wakicheka, ananigusa bega, ananiuliza kwa mikono wamesema nini," anasimulia Zita. "Mimi nacheka, namwashiria asubiri. Nikimaliza kucheka nimeshasahau. Nilimwonea kaka yangu miaka mingi, wala sikujua kama namwonea."

Mwaka 1998 shirika la umma alilokuwa akilipigia chapa liliuzwa kwa mtu binafsi. Zita na wenzake sitini wakaambiwa kazi imekwisha. Alipewa kiinua mgongo cha shilingi 310,000, na vifaa vya ofisi vilipopigwa mnada akanunua kompyuta iliyokuwa mezani pake kwa shilingi 180,000.

Mama yake, Flavia, hakusema naye wiki nzima. Alitaka binti yake anunue ng'ombe wa maziwa.

Eliaichi, fundi wa kompyuta wa mtaani kwao, alimwazima kitabu cha Kiingereza cha kutunga programu, kilichokwisha kung'oka jalada. Mchana Zita alipiga chapa barua na kadi za harusi kwa shilingi 300 ukurasa. Siku njema ilimpa 4,000. Muda uliobaki ulikuwa wa kitabu.

Toleo la kwanza, mwaka 2002, lilikufa baada ya dakika mbili. La pili lilifika nusu saa. La tatu lilimaliza filamu nzima, na siku hiyo Primus alikaa mbele ya kompyuta akacheka pamoja na wengine, kwa wakati mmoja na wengine.

"Hapo nikajua sitaacha," anasema Zita.

Maneno ya filamu huyaandika mwenyewe, sentensi kwa sentensi. Filamu ya saa moja na nusu humchukua siku tisa. Primus huyasoma kwanza na kuyakosoa. Neno lisiloeleweka kwa asiyesikia huliwekea alama ya kalamu nyekundu.

Kisha ipo kazi ambayo wengi hawaioni. Kila anapotengeneza toleo jipya, hubeba flopi na kulifikisha kwa kila mwenye programu. Kufikia mwaka jana walikuwa arobaini na mmoja, kuanzia mjini hadi vijiji vya mlimani, na wengi aliwafikia kwa miguu.

"Watu wanadhani ukishatunga umemaliza. Programu ni kama mgomba. Usipoupalilia na kuutia samadi, unakufa umesimama."

Mwanzoni mwa mwaka 2004 alikuja mgeni, Ebenezeri, aliyejitambulisha kuwa meneja wa kampuni ya Upeo Kompyuta. Alisifu sana. Alisema kampuni yake ingependa kumsaidia dada yake huyu afike mbali, akaomba nakala ya kwenda kuwaonyesha wakubwa.

"Aliniita dada mara nyingi siku ile," Zita anakumbuka. "Nikampa toleo la tatu, maelekezo yake yote na maneno ya filamu moja. Nikamkaangia na ndizi."

Ebenezeri hakurudi.

Miezi minane baadaye chama cha viziwi kilimwalika Primus kwenye uzinduzi wa programu mpya, Upeo Video, katika ukumbi mmoja wa Moshi, na Zita akafuatana naye kumtafsiria. Walikaa safu ya nne. Taa zikazimwa, video ikawashwa, na chini ya picha yakatokea maneno ya Kiswahili.

Primus ndiye aliyeanza kusimama. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye picha, akaongea kwa lugha ya alama kwa kasi ambayo Zita hakuwahi kuiona kwake.

"Anasemaje huyo?" mshereheshaji akauliza.

Zita akasimama naye. "Anasema maneno hayo aliyakosoa yeye, nyumbani Uru. Na mimi ndiye niliyeyaandika. Programu hiyo ni yangu."

Ukumbi ukanung'unika. Ebenezeri, aliyekuwa meza kuu, alitabasamu na kumweleza mgeni rasmi kwamba programu zote za video hufanana. Mshereheshaji akamtaka Zita akae, asiharibu shughuli.

Hakukaa.

"Shikamoo, mzee," alimwambia mgeni rasmi. "Naomba kitu kimoja tu. Wekeni CD iliyochubuka. Litatokea tangazo la kuomba msubiri. Neno 'subiri' limeandikwa 'subri', limekosa herufi. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekosea."

Mgeni rasmi akaagiza ifanyike. Mpiga muziki wa ukumbi alitoa CD yake iliyochakaa. Ikazunguka, ikakwama. Kwenye ukuta mweupe, mbele ya watu zaidi ya mia mbili, yakatokea maneno: Subri kidogo.

Hakuna aliyepiga makofi. Ebenezeri aliinamia karatasi zake. Mgeni rasmi alisema jambo hilo litaangaliwa, kisha akakata utepe.

Anapofika hapo, Zita anaacha kubonyeza vitufe. "Aliona kwa macho yake. Aliona, halafu akakata utepe."

Alichopata baadaye kutoka Upeo ni barua ya mistari mitatu ikimshukuru kwa "mchango" wake, na nafasi ya ukarani wa kusajili wateja wa programu yake mwenyewe. Aliikataa. Ofisi nne alizokwenda kulalamika Moshi na Arusha zilimjibu jambo lile lile: aende Dar es Salaam, na awe na ushahidi.

Alipopigiwa simu na gazeti hili, Ebenezeri hakukana kwamba alichukua nakala Mawenzi. "Programu ni kama wimbo wa harusi," alisema. "Nani anauliza nani aliutunga? Sisi ndio tuliowafikishia wananchi."

Kuhusu walichowafikishia wananchi, Mwalimu Winfrida Swai wa shule hii ana la kusema. Katika toleo la tatu, maneno yalifuata saa ya kompyuta, si picha. Kompyuta ikizidiwa, picha hubaki nyuma huku maneno yakitangulia. Zita aliligundua kosa hilo na kulirekebisha katika toleo la nne, ambalo kampuni haikuwahi kuwa nalo.

"Watoto walisoma jibu kabla mtu hajauliza swali," anasema Mwalimu Winfrida. "Mmoja akaniandikia ubaoni kwamba yeye sasa ni mjinga, haelewi tena video. Niliwapigia Upeo mara sita. Walisema nizime, niwashe."

Kwenye simu ya mwisho, karani mmoja wa kampuni alimnong'oneza namba ya mpiga chapa wa Moshi.

Zita anakiri kwamba simu hiyo ilipofika, moyo wake ulitaka kukataa. Kampuni imekula, iteme yenyewe. Alimweleza Primus. Kaka yake aliacha cherehani, akamuuliza kwa mikono: watoto wamekosa nini?

"Hao wa kampuni wameniibia ng'ombe, na hata kumkamua hawajui," anasema Zita. "Lakini ng'ombe akiugua, anayelala njaa ni mtoto."

Ikifika saa saba, kompyuta zote kumi na mbili zina toleo la sita, na kila moja ikiwashwa inataja jina la Tazama na la Zita S. Msaki. Watoto wanajaribu video ya somo la mito. Mtoto anauliza kwenye picha, swali linaandikwa. Mwalimu anajibu, jibu linafuata.

Mwezi ujao, Juni 2005, Zita atapanda basi kwenda Dar es Salaam kuandikisha kazi yake kisheria. Atabeba flopi za matoleo yote sita na kitabu cha kukosolea chenye wino mwekundu wa Primus. Hana wakili. Mama Flavia, ambaye siku hizi hataji tena ng'ombe, ameuza kahawa ya nauli.

Ila kabla ya safari ipo video moja anayotaka kuimaliza. Baba yao, mzee Sirili, alifariki mwaka 1999, na binamu yao alirekodi mazishi kwenye kanda. Eliaichi ameihamishia kwenye CD. Zita na mama yake wanaisikiliza kidogo kidogo, wanaandika kila kilichosemwa, na maneno ya Kichagga wanayatia Kiswahili.

"Primus alikaa mbele kabisa siku ile, karibu na jeneza," anasema Zita, akivaa viatu vyake. "Watu walizungumza saa tatu juu ya baba yetu. Yeye hakupata hata neno moja. Zimebaki dakika arobaini za kuandika."