Sakitu na Kidole Gumba cha Bibi

Januari hii, joto la Durban likiwa limetubana hadi nguo zinanata mgongoni, nilisimama katika duka langu la samaki huku Sydenham nikipiga picha ndani ya friza. Mlango wake haufungi sawasawa siku hizi, kwa hiyo ukutani mwake ilikuwa imeota sakitu, ule umande mweupe ulioganda, yenye manyoya na miiba midogo midogo. Mteja wangu, mama mmoja aliyefuata samaki wa Jumapili, akaniuliza kama siku hizi barafu nayo inapigwa picha. Nikamwomba anisubiri kidogo. Mwili ulikuwa dukani lakini akili ilisharudi utotoni, na huko sikuwa na haraka ya kutoka.

Wakati ule tulipanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu, si mbali na hapa: baba, mama, bibi mzaa baba na mimi. Mimi nililala na bibi, niliyemwita Koko. Alinukia moshi wa makaa na dawa ya kuchua magoti, na hadi leo nikisikia harufu hiyo kwa mtu barabarani napunguza mwendo. Baba alikuwa mpiga picha. Siku za kazi alizunguka ufukweni na kamera shingoni akiwapiga wageni picha, na Jumamosi alipiga picha arusi za Wakongo wenzetu. Jumapili tulitoka kanisani, tukala fufu na sombe, kisha tukasubiri simu ya shangazi kutoka Canada.

Shangazi, binti wa mwisho wa bibi, alikuwa amejifungua mapacha na hakuwa na mtu wa kumsaidia. Safari ya bibi ilishakubaliwa na serikali ya huko, ikabaki yeye mwenyewe kusema ndiyo. Naye alikuwa hasemi.

"Kule batu banaishi ndani ya frigo," alimwambia baba kila simu ikikatwa. "Mimi si nyama."

Sote tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, maana sikuwa na mpango wa kumtoa bibi yangu kwa mtu. Mapacha wale sikuwahi kuwaona hata kwenye picha, lakini niliwachukia kwa moyo wangu wote mdogo.

Ikawa bwana arusi mmoja akamsimulia baba kwamba kule juu, mbele ya Pietermaritzburg, majira ya baridi ukungu wenyewe huganda. Unapita mashambani ukiacha manyoya ya barafu kwenye nyasi na nyaya. Baba hakupata usingizi tena. Alitaka picha hizo kuliko alivyowahi kutaka picha yoyote, na papo hapo akaona njia ya kumwonjesha mama yake baridi kabla hajaikataa. Akaazima kombi ya jirani yetu aliyekuwa dereva wa taxi. Mimi jioni ile nilipiga magoti nikamwomba Mungu baridi iwe mbaya sana.

Sasa wewe unawajua watu wetu. Ukisema kuna kamera, hakuna anayetoka na nguo za nyumbani. Tuliondoka alfajiri tumevaa kitenge cha aina moja kuanzia bibi hadi mimi, mama na bibi vilemba vimesimama, baba viatu vinang'aa utadhani tunaenda kupokea mahari. Makoti yalikuwepo ndani ya gari. Bibi alilikataa la kwake.

"Nishone kitenge nikifunike? Hiyo ni picha ya koti, haiko picha yangu."

Tulipofika, baba aliegesha kando ya shamba la mtu na kuzima injini. Tukashuka. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na kila kitu kilichokuwa kimesimama ndani yake usiku kucha kilikuwa kimeota ndevu nyeupe, zote zikielekea upande mmoja, ule upepo ulikotokea. Seng'enge iliyochakaa ilikuwa na manyoya ya barafu marefu kama kucha zangu. Nyasi zilivunjika chini ya viatu kwa sauti ya chapati kavu. Baba alilala kifudifudi na suruali yake ya kitenge, pua karibu na waya, akazuia pumzi, kwa sababu alikwisha gundua kwamba akihema tu zile fuwele zinayeyuka. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akiwa na furaha ya namna ile.

Lakini watu wametoka mbali, wako nje, wanatetemeka, na hakuna chai? Kwa bibi jambo hilo haliwezekani. Alikuwa amebeba babula, jiko lake la makaa, na sufuria yenye tangawizi. Akatafuta mahali pasipo na upepo, akapaona chini ya seng'enge ileile, hatua chache kutoka kwa baba, akawasha na kupepea kwa bidii. Baba alikuwa amegeuka kubadilisha filamu. Alipogeuka tena, waya wote ulikuwa unadondosha maji.

"Eish, mama," alisema, akakaa chini kwenye nyasi.

"Kunywa chai, papa," bibi alimjibu mwanawe, kikombe tayari mkononi.

Tulikunywa. Sijapata tena chai tamu kama ile, na nimeitafuta. Meno ya bibi yalikuwa yanagongana, kilemba kimelala upande mmoja, nami nikaona sala yangu imejibiwa. Mama akamrudisha ndani ya kombi na kumfunika blanketi.

Hapo ndipo baba alipoona dirisha la nyuma. Pumzi zetu za safari nzima zilikuwa zimeganda kwenye kioo kwa ndani, zikachora majani makubwa yaliyopinda, mazuri kuliko yote ya shambani. Akaja kwa kunyata, mimi nyuma yake. Akaweka kamera sawa, akazuia pumzi. Na kutoka ndani, polepole, likatokea doa jeusi katikati ya majani yale. Lilikuwa kidole gumba cha bibi. Alikikandamiza mpaka barafu ikaachia, kisha kidole kikaondoka likaja jicho.

"Unaniona?" akaniuliza kupitia kioo.

"Nakuona, Koko."

Akacheka mpaka kombi ikatikisika. "Kumbe baridi yenyewe inaogopa kidole," akasema, na moyo wangu ukaanguka, kwa sababu nilijua amekubali kwenda.

Aliondoka kabla shule hazijafunguliwa. Nililia hadi nikapata homa. Shangazi alianza kututumia picha kila majira ya baridi ya kwao, dirisha la jikoni limejaa sakitu, na tundu moja lenye jicho la bibi. Tundu hilo lilikuwa pembeni siku zote, chini kushoto, nami nilidhani ni kwa sababu ya ufupi wake. Mwaka juzi picha haikuja, maana bibi hakuwepo tena. Jirani amehama na kombi yake. Baba anapiga picha kwa simu siku hizi, na babula ipo stoo, imeshika kutu. Kilichoniuma zaidi sikukisema kwa mtu: kwamba mapacha walimpata miaka yote ile, na kwamba huenda kwa wingi wa shughuli zao alinisahau.

Basi dukani nikabonyeza gumba langu kwenye sakitu ya friza, nikapiga picha tundu lile, nikamtumia shangazi. Jibu lilikuja kabla sijamaliza kupima samaki. Lilitoka kwa mapacha, ambao sasa ni watu wazima. Ilikuwa picha ya dirisha la jikoni, na matundu mawili mabichi, moja kila upande. Katikati sakitu ilikuwa nzima, haijaguswa.

Chini yake wameandika, wakiniita yaya, yaani mkubwa wao: "Katikati ni pako, yaya. Koko alisemaka tukuchungie."

Nilimwongezea yule mama samaki mmoja, naye hakuuliza kwa nini.