Siku Nilipomtunza Mwimbaji wa Roki

Mwanangu, ipo siku moja ambayo haijanitoka akilini, na leo nilipokuona unajipodoa kwenda kuwasikiliza hao wapiga magitaa wako, imenirudia yote. Kaa kidogo. Tramu zipo nyingi, utapanda inayofuata.

Nilikuwa msichana wa Tanga niliyekuja Brussels kusoma, nikakodi chumba mtaa wa Schaerbeek, ghorofa ya juu ya mama mmoja wa Lubumbashi aliyeitwa Maman Béatrice. Baridi ile ya kwanza nusura inirudishe kwetu. Sikuwa na rafiki, Kifaransa changu kilikuwa cha kuombea mkate tu, na jua lilikuwa likizama kabla sijavua koti. Kilichonishikilia, usicheke, ni bendi moja ya vijana wa hapa hapa mjini niliyoisikia redioni. Roki ya watu wasiojulikana, wasio na kampuni wala tajiri nyuma yao. Binti aliyekuwa akiimba alikuwa na sauti ya mtu anayeongea peke yake jikoni, na alikuwa na ubeti mmoja kuhusu kuwasha taa mchana kwa kuogopa nyumba tupu. Niliposikia ubeti ule nikasema, huyu ananijua.

Baadaye wakatangaza kwamba wanavunja bendi, na kwamba onyesho la mwisho litakuwa kwenye ukumbi mdogo mjini. Nikamwambia Maman kuwa ningependa sana kumshukuru yule binti, ila nitamwandikia siku moja, Kifaransa changu kikinyooka. Maman alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwao, hakugeuka hata kunitazama.

"Mutoto yangu, kesho bendi haiko tena. Hiyo asante unamuwekea nani?"

Ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nilikuwa bingwa wa kungoja. Nikanunua tiketi mbili, yangu na ya Maman, maana kwenda peke yangu niliogopa.

Sasa, kwetu Tanga, kwenye taarabu, mwimbaji akikugusa hukai kitini. Ubeti wako ukifika unainuka, unakwenda mbele taratibu huku unacheza, noti umeishika juu watu wote waione, unamtunza. Si malipo hayo, mwanangu, mwimbaji keshalipwa. Ni kusema mbele za watu kwamba haya maneno ni yangu. Mimi sikuijua shukrani nyingine ya mwimbaji, na nilidhani dunia nzima ndivyo wafanyavyo.

Ukumbini nikakuta watu wamesimama, mikono mifukoni, wanatikisa vichwa kama wajumbe wanaokubali hoja mkutanoni. Hakuna anayecheza. Maman akaziba sikio moja, akaninong'oneza kwamba hiyo mashine yao wangeipunguza kidogo. Mara ubeti wangu ukaanza. Nikajiambia, leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.

Nikatoka, mtandio begani, noti juu, natembea kwa madaha kama niko harusini. Watu wakanipisha wakishangaa. Mlinzi mmoja mwenye kifua cha kabati akaanza kunijia. Yule binti aliponiona akaacha gitaa, akadhani naumwa au naomba msaada, akainama. Nikamtia noti mkononi. Akanirudishia. Nikamtia tena, naye akanirudishia tena, watu wameanza kucheka. Aibu iliyonishika, wallahi, ningepata shimo ningeingia.

Ndipo Maman akapaza sauti kutoka nyuma, ile sauti yake ya kwaya. Akamwambia yule binti kwa Kifaransa kwamba mtoto huyu amekaa chumbani baridi nzima na wimbo wako peke yake, na kwao hivi ndivyo wanavyosema asante, kwa hiyo pokea, usimwaibishe. Mlinzi akasimama palepale. Binti akaitazama noti, akaitia mfukoni mwa shati, akaniuliza jina langu. Kisha akaurudia ubeti ule toka mwanzo huku ananiangalia, na sauti ikamkatika katikati. Kijana mmoja Mbelgiji aliyekuwa karibu yangu, kwa kuwa hakuwa na la kutoa, akaweka glasi yake ya bia jukwaani, miguuni pa mwimbaji. Nilicheka huku nalia.

Walipomaliza, alishuka kunitafuta. Alisema miaka yote ile alidhani anaziimbia kuta. Bendi ilivunjika vilevile, mimi sikuiokoa. Ila alikwenda zake akijua kwamba kuna aliyemsikia, nami nilikuwa nimetua mzigo.

Kwenye tramu ya kurudi nikamwona Maman anajikanda magoti. Mtu mzima yule, kasimama jioni yote kwa muziki asioupenda. Nikakumbuka sahani za sombe, kile kisamvu cha kwao, zilizokuwa zikipanda ngazi kila Jumapili, koti alilonitafutia, homa aliyokesha nayo kando ya kitanda changu. Kwa yote hayo nilikuwa nimempa ile asante ya kupokelea sahani tu. Nimevuka mji kwenda kumshukuru mtu baki, na mwenye fadhila zake kakaa ubavuni pangu. Fadhila ya punda ni mateke, mwanangu. Nikaona haya.

"Maman," nikamwambia, "si wimbo peke yake ulionibakisha hapa. Ni wewe. Bila wewe ningekuwa nimeshakata tamaa, nimerudi kwetu."

Akafungua pochi, akatoa leso, akapangusa pua.

"Bon," akasema. "Nimesikia."

Alifariki kabla baridi nyingine haijaisha. Kwenye matanga watu waliinuka mmoja mmoja wakammwagia sifa, na wengi walilia kwa yale ambayo hawakuwahi kumwambia. Mimi nililia kwa kumkosa tu. Maneno yangu alikwenda nayo.

Basi nakuusia waziwazi, mwanangu: shukrani usiitie akiba. Mwambie mtu angali na masikio, kwa njia unayoijua wewe, hata wakikucheka. Na ukishamshukuru wa jukwaani, geuka umtazame na aliyekusindikiza. Haya, funga koti, nje kuna upepo. Mungu akujaalie watu wa kuwashukuru maisha yako yote, akupe ulimi mwepesi wa kuwaambia, na akurudishe kwangu salama. Amina.