Kaka Yangu na Daktari Asiye na Sauti

Kule Uvira, kabla hatujawa wakimbizi, kaka yangu alikuwa mtu wa kipaza sauti katika ukumbi wa video. Nieleze kidogo kwa wasioijua kazi hiyo. Filamu zilikuja kwa Kichina, Kihindi au Kiingereza. Yeye alisimama kando ya televisheni, akaipunguza sauti, akawasemea wahusika wote kwa Kiswahili huku akiongeza utani wake. Watazamaji walimbishia kwa kelele, naye aliwajibu filamu ikiendelea. Watu walimfuata yeye kuliko filamu yenyewe.

Huku Minnesota alipanga maboksi ghalani. Watoto wake, waliokulia hukuhuku, mjini Hopkins, hawakuiamini hadithi hiyo. "Hiyo si kazi, papa," binti yake mkubwa alimwambia kwa Kiingereza mbele yangu. "Nani aende kumsikiliza mtu anayeipigia filamu kelele?" Kaka alicheka, lakini hakulitaja tena jambo hilo. Niliona limemwingia.

Miaka hiyo nilikuwa nafundisha Kiswahili kila Jumamosi katika chumba cha chini cha kanisa letu, Brooklyn Park. Watoto walinielewa vizuri. Shida ilikuwa kujibu. Nikaazima maktabani filamu ya zamani isiyo na sauti, ya daktari wa kijijini na farasi wake. Nilifikiri, kwa kuwa haina sauti, watoto wataitilia maneno wenyewe. Hawakutia hata moja. Jumamosi iliyofuata nikamwita kaka.

"Dada, umenitega," alininong'oneza. "Kule hakuna aliyejua Kichina. Hawa wanasoma Kiingereza kunishinda."

Hofu yake ilikuwa na msingi. Filamu za aina hiyo huweka maandishi ya Kiingereza baina ya picha na picha, na binti yake yuleyule mkubwa alikuwa ameketi mstari wa mbele, amekunja mikono kifuani.

Alianza kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. Daktari aliingia katika nyumba ya mkulima, akamgusa mtoto mgonjwa paji la uso, kisha akamtabasamia mama yake. Kaka akamsemea: "Mama, hali ya mtoto ni mbaya. Sijui kama ataamka."

Maandishi yakatokea. Binti yake akapaza sauti kwa Kiingereza kwamba sivyo ilivyoandikwa. Watoto wakaangua kicheko. Nami nikatamani kuizima mashine.

Kisha ikatoka ile sauti ya Uvira. "Nani huyo? Humu ndani swali la Kiingereza halina jibu! Niulize kwa Kiswahili!"

Binti akasimama. "Papa, unadanganya! Wameandika mtoto atapona!"

"Wewe soma maandishi. Mimi nasoma mikono. Mtazame anavyofunga mkoba! Kidole kinatafuta kifungo, hakikipati. Mtu mwenye matumaini hufunga mkoba hivyo?"

Sote tukatazama. Picha ikabadilika. Daktari alikuwa nje kwenye theluji, ameegemea ukuta, amejifunika uso kwa kofia.

Chumba kililipuka kwa kelele. Mimi niliyekuwa nimekwisha kuitazama filamu hiyo nyumbani sikuwa nimeiona mikono ile. Tangu hapo hakukuwa na aliyekaa kimya, na kwa sababu kaka hakujibu Kiingereza, kila mtoto alichokonoa Kiswahili alichokuwa nacho.

"Mbona hana gari?"

"Lilikataa kuwaka, kama la baba yako juzi!"

"Atakufa?"

"Nani, mtoto au farasi? Uliza vizuri!"

Daktari akarudi ndani, akakesha kando ya kitanda. Kulipopambazuka mtoto aliketi, akafumbua kinywa. "Mama, nataka ugali!" kaka akasema kwa sauti nyembamba.

"Na ndagala!" mmoja akadakia kutoka nyuma, akimwongezea dagaa wa kwetu, naye akashangiliwa utadhani amefunga bao.

Nyinyi mnaolea watoto wanaoelewa lugha yenu lakini hawaijibu, msikate tamaa. Maneno wanayo. Wanahitaji mtu wa kubishana naye.

Filamu ilipokwisha, binti yake alinipokonya rimoti.

"Shangazi, narudisha pale kwenye theluji," akasema kwa Kiswahili. Akamgeukia baba yake. "Papa, sasa farasi naye aseme."

Kaka akakunja mikono ya shati. Farasi akaanza kulalamikia baridi kwa lafudhi ya Bukavu, mji wa kule kwetu, na binti yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kumbishia.