Siku Niliyotandika Furushi la Bi Sauda

Jamani, habari hii siwezi kuisimulia nikiwa nimesimama, kwa hiyo ngojeni nikae. Hadi leo wapo watu wakikutana nami pale Kibiti stendi hawanisalimii kwanza, wanashika ukosi wa shati langu, wanaunusa, halafu wanacheka mpaka wanajishika mbavu. Na mimi nacheka nao, nifanyeje?

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha bondeni, si mbali na daraja la Ndundu. Mimi ni mtu wa Njombe, nilifika pale kijana na begi moja la nguo, nikastaafu na nyumba iliyojaa vitu mpaka paka anapita ubavu. Sasa tulikuwa tunahamia Kibiti mjini, mimi na mke wangu Mama Tumaini, kwenye vyumba viwili tulivyojijengea, na vyumba viwili haviingizi makochi yote yale hata uyabembeleze vipi. Basi tukatoa kila kitu uani tukapanga marundo: vya kuuza, vya kugawa, na vya kwenda navyo.

Lakini ile nyumba ilikuwa na jambo lake. Ilikaa mahali pa juu kidogo, na kila mto ulipofurika majirani walikimbilia kwetu na vitu wasivyotaka vilowe: cherehani, mabati, magodoro, masanduku. Maji yakishuka wanakuja kuchukua, isipokuwa wachache wanaosema, "Acha kikae tu Mwalimu, kwani mafuriko hayarudi?" Ndiyo maana Mama Tumaini aliniambia, "Baba Tumaini, pita kwanza kwa majirani uulize nani ana chake humu ndani."

Jua lilikuwa kali, na mimi nilikuwa nimeshavua viatu (mkitaka kujua mkasa mzima ulianzia wapi, ulianzia kwenye vile viatu). Nikamjibu, "Wenye vyao walishachukua. Kilichobaki ni chetu."

Nyuma ya kabati tukakuta furushi la kanga kuukuu. Ndani yake kitambaa cheupe, kipya, kirefu, kimekunjwa vizuri, kinanukia kama vile vidonge vya kufukuzia mende. "Hiki cha nani?" mke wangu akauliza. Nikamwambia si yale mashuka aliyoleta dada yangu kwenye harusi ya Tumaini! (Mashuka ya dada tulishayatumia mpaka yakawa madekio, lakini siku hiyo kichwa changu kilikuwa kinajibu tu.) Likaenda rundo la kwenda nalo, maana kizuri hakigawiwi.

Siku ya kuagwa kijiji kizima kikaja. Akina mama walipika pilau, wakaleta na juisi ya ukwaju, tukapanga meza kuu chini ya turubai. Kutafuta kitambaa cha meza, hakuna, vyote nilishavigawa kwa madaha. Nikakimbilia ndani, nikafungua furushi, nikatandika. Kikateremka mpaka chini pande zote, meza ikapendeza kama ya bibi harusi.

Pale mezani alikaa mwenyekiti wa kijiji, akakaa ustadhi wa madrasa, na katikati nikamkalisha Bi Sauda. Huyu ni bibi mjane, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyetupokea tulipokuja, akamfundisha Mama Tumaini kupika kambale wa nazi, na mimi namwita mama wala simtanii. Nilikuwa nimeshika maiki natoa shukrani huku natafuna. Nikaona Bi Sauda hali chakula. Anapapasa kitambaa. Akainama akakinusa.

"Mwalimu, kitambaa kizuri hiki. Umekipata wapi?"

Mtu mwenye akili angeweka maiki chini. Mimi nikasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Mama, hiki kaniletea dada yangu kutoka Njombe, nikakitunza kwa siku kubwa kama ya leo!" Na ili watu waone kilivyo laini nikanyanyua pembe yake nikajifuta midomo. Wakapiga makofi.

Bi Sauda akaisogelea ile maiki. "Na karafuu maiti, alikutilia huyohuyo dada yako?"

Ustadhi alikuwa na mnofu njiani kuelekea mdomoni, akaurudisha polepole kwenye sinia. Mwenyekiti akaondoa viwiko mezani. Mama mmoja huko nyuma akapiga ukelele, "Yallah! Sanda ya Bi Sauda!"

Hapo ndipo nikakumbuka, nimechelewa. Kule bibi mwenye kujiheshimu hununua sanda yake mwenyewe kwa mpunga aliolima, ili siku akifa asichangiwe nguo ya kuzikiwa. Mwaka ule wa maji makubwa alikuja kwangu maji yakiwa magotini, kichwani ana furushi tu, akaniambia, "Mwalimu, godoro acha liende, hii niwekee."

Kwa kuchanganyikiwa nikaivuta ile sanda niitoe mezani. Masinia yakaja nayo, pilau ikamwagika, jagi la ukwaju likapinduka, na cheupe chote kikawa rangi ya udongo. Nikapiga magoti palepale kwenye mchele. Aibu niliisikia, lakini hofu ilizidi, maana pale mtu hahami bila kuombana radhi, na mimi ningehamaje bila radhi ya mtu aliyenifanya mwanawe?

Bi Sauda akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua analia, nami machozi yakanitoka. Kumbe anacheka.

"Lo, nyie watu wa bara! Mwalimu, we ulikuja kuagwa au kunizika?"

Turubai zima likalipuka kwa kicheko, ustadhi naye kajiinamia anajifuta macho.

Kesho yake nikaenda Kibiti nikanunua bafta jipya, kitambaa cheupe cha sanda, nikampelekea kwa mikono miwili. Akalipima kwa mkono, akaridhika, akanipa radhi yake yote. Ile sanda ya zamani Mama Tumaini alishaifua, doa la ukwaju likagoma kutoka. Bi Sauda akaikataa. "Iliyokwisha kula pilau mimi sivikwi. Ni ya meza yenu hiyo, mle mnikumbuke." Basi ndiyo tunayolia chakula mpaka leo, na niwaambie ukweli, tunakula kwa raha.

Niliapa kwamba sitauza wala kugawa hata kijiko kabla sijauliza mwenyewe ni nani. Juzi Bi Sauda akatupitia akitoka hospitali ya Mchukwi kuonyesha macho. Akala, akalipapasa lile doa akacheka. Alipoinuka kuondoka akatoa furushi jipya kwenye mkoba wake, akaniwekea mapajani.

"Mwalimu, niwekee. Huku kwenu hakuingii maji."

Nimelitundika juu ya kitanda changu, na mgeni akiingia, kabla hajapewa hata maji ya kunywa, namwambia lile ni la nani.